Mbwa Mdogo, Meno Yale Yale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumfunza Mtoto wa Mbwa wa Mbegu Ndogo

Ninaishi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na Maltese jike ambaye hata akishiba hafikishi kilo nne. Tangu majirani waone anakaa chini akiambiwa, simu haziishi: mmoja kanunua Chihuahua, mwingine kaletewa Shih Tzu, wa tatu kapewa Japanese Spitz na mtoto wa dada yake. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mengi ya majibu haya nimeyapata baada ya kukosea kwanza.

Mbwa wangu ana kilo mbili tu. Kuna haja gani ya kumfunza?

Ningeulizwa swali moja tu maishani, ningependa liwe hili.

Mbwa mkubwa akimrukia mgeni, nyumba nzima inapiga kelele. Mbwa mdogo akifanya vilevile, watu wanacheka na mmoja anatoa simu apige picha. Mkubwa akinguruma juu ya sahani yake, siku hiyohiyo anatafutwa mtu wa kumrekebisha. Mdogo akinguruma, anaambiwa "jamani, kakasirika!" Mwaka ukiisha watu wanashangaa kwa nini vijibwa vina ukorofi. Havikuzaliwa navyo. Kila kilichofanywa kilichekewa, na kwa mbwa kicheko cha watu ni malipo. Kumbuka pia kwamba Chihuahua aliyekomaa kwa kawaida ana meno 42, idadi ileile aliyonayo mbwa wa polisi.

Kipimo changu ni rahisi. Kabla hujacheka, mfikirie ana kilo arobaini. Kama ungemkataza huyo, mkataze na huyu.

Lipo na la upande wake. Kwa mbwa wa kilo mbili, kila binadamu ni mnazi. Mikono inamshukia kutoka juu, ananyanyuliwa bila kuulizwa, mtoto anambana kifuani hadi macho yanamtoka. Akinguruma au kudonoa kidole, mara nyingi anaomba nafasi. Kwa hiyo unapomfunza yeye, wafunze na watu wa nyumbani: wachuchumae, wamwache aje mwenyewe, na wakimbeba mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine chini ya makalio.

Nianze akiwa na umri gani?

Siku anayoingia nyumbani. Wengi huja wakiwa na wiki nane, na hapo dirisha muhimu lishafunguka zamani. Kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au kumi na nne, ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea vitu vipya kwa urahisi. Anachokutana nacho kwa amani katika siku hizo hakitamtisha sana ukubwani. Asichokutana nacho, atakibwekea.

Tatizo ni kwamba katika siku hizohizo chanjo zake hazijakamilika. Chanjo za awali huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe kama wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu hivi. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo usimshushe chini pale wanapopita mbwa usiowajua. Hapo ndipo udogo wake unakusaidia: mbebe. Mimi wangu nilimtia kwenye kikapu cha ukindu nikawa nakaa naye kwenye benchi nje ya duka, robo saa tu. Akaona bajaji, mkokoteni wa maji, watoto wa shule wakitoka, mwanamama aliyevaa baibui, mtu mwenye helmeti. Akasikia adhana na mvua juu ya bati. Kila kitu kipya kilikuja na kipande cha kuku. Akionekana kuogopa, tunasogea mbali kidogo, basi.

Zawadi gani inafaa?

Ile anayoipenda yeye. Wangu angeuza nyumba kwa dagaa mkavu. Dagaa waoshwe watoke mchanga, waloweshwe kama ni wa chumvi, kisha wakaangwe bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole. Firigisi au kidari cha kuku kilichochemshwa bila chumvi nacho kinafaa. Kila kipande kisizidi punje ya hindi, na kwa Chihuahua hata nusu yake inatosha, kwani anachohesabu ni mara ngapi amepewa. Kwa siku nzima zawadi zisipite sehemu ya kumi ya chakula chake, la sivyo utakuwa unafuga mto.

Usimpe chokoleti, zabibu mbichi wala kavu, makadamia, wala mifupa iliyopikwa. Vitunguu vya aina zote ni sumu kwake, na maana yake ni kwamba ile nyama ya pilau unayotaka kumkatia chini ya meza haifai, maana imepikwa navyo. Chingamu na peremende zisizo na sukari ziwe mbali kabisa. Nyingi zina zailitoli (xylitol), kitia utamu badala ya sukari, ambayo hata kidogo inaweza kumwua mbwa wa ukubwa huu.

Chakula si zawadi pekee. Kufunguliwa mlango, kurushiwa soksi iliyofungwa fundo, kukunwa chini ya sikio, vyote ni malipo kama anavitaka wakati huo.

Kwani huku si kumhonga?

Hongo hutangulia kazi, mshahara huifuata. Ukimwonyesha nyama kwanza ndipo umwite, unahonga, na siku usiyo na nyama hatakuja. Akija kwanza, kisha nyama ikatoka mahali ambapo hakuiona, umemlipa.

Chukua mfano wa "kaa". Keti sakafuni, tena juu ya mkeka au zulia. Ukisimama, atapanda miguu ya nyuma kukufuata. Na kwenye vigae miguu inateleza, jambo baya kwa mbegu ndogo ambazo magoti yao ni mepesi kuteguka. Shika kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, kigusishe puani pake, kisha kipandishe taratibu kuelekea utosini. Pua ikipanda, makalio yatashuka yenyewe, hakuna haja ya kumbonyeza mgongo. Yanapogusa mkeka, papo hapo sema "Safi!" kisha mpe. Neno hilo moja ndilo linalopiga picha ya kitendo. Ukichelewa sekunde mbili tatu, ameshasimama, na utakuwa umelipia kusimama.

Rudia mara tano, sita, kisha mwachie. Dakika tatu mara nne kwa siku zinafaa kuliko nusu saa mfululizo. Siku ya pili au ya tatu mkono upande bila kitu, nyama itoke mfukoni. Mkono ukishaeleweka, ndipo utangulize neno "kaa". Baadaye lipa mara hii, mara ile usilipe, kama mvuvi asiyejua wavu upi utatoka na samaki. Hapo ndipo tabia inapokomaa.

Nitumie Kiswahili au Kiingereza?

Mbwa hana pasipoti. Shida inayoua mafunzo ni nyumba kuwa na lugha tatu: baba anasema "keti", watoto wameokota neno kwenye katuni, dada wa kazi anasema "kaa kitako wewe!" Andikeni maneno sita kwenye karatasi mbandike mlangoni mwa friji: kaa, njoo, lala, acha, subiri, kojoa. Na dada wa kazi ndiye aanze kufundishwa, kwa sababu ndiye anayeshinda naye kutwa.

Anakojoa kila mahali. Nifanyeje?

Kwanza, kibofu chake ni kama kifuko cha chai. Usimlinganishe na mbwa wa kaka yako wa uwanjani. Mtoto wa mbegu ndogo wa wiki nane hadi kumi, akiwa macho, mpeleke mahali pake kila saa moja, na bila kukosa mara tu anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Akianza kunusa sakafu huku anazunguka, mbebe, usisubiri.

Mahali pake pawe palepale kila siku. Wanaoishi chini watumie kona ya uwanja. Sisi wa ghorofani tunatumia pedi za mkojo, au sinia pana lililowekwa bonge la nyasi barazani. Mimi nilitumia sinia, kwa kuwa pedi ya kitambaa ilimfundisha wangu kwamba zulia la sebuleni nalo ni pedi. Akianza, sema "kojoa" kwa sauti ya chini. Akimaliza, "Safi!" na dagaa hapohapo. Ukisubiri mpaka mrudi sebuleni ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi sebuleni.

Muda ambao huwezi kumtazama, asiwe huru nyumba nzima. Mfunge kwa kamba fupi kwenye mguu wa kiti chako, au mweke kwenye kizimba kidogo chenye tandiko na kitu cha kutafuna. Mbwa hapendi kuchafua anapolala. Lakini kizimba si jela, asiachwe humo saa nyingi.

Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja tu ashtuke kidogo, mbebe amalizie mahali pake, umlipe huko. Ukikuta dimbwi lililopoa, umechelewa. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi kwamba sebule haikojolewi. Kunamfundisha kwamba wewe ukiwepo mkojo ni hatari, kwa hiyo ataenda nyuma ya sofa, na barazani ataganda mbele yako asikojoe. Piga deki kwa maji na sabuni, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji. Epuka dawa za kusafishia zenye amonia, kwani kwa pua yake harufu hiyo ni ya choo.

Anang'ata vidole mpaka damu.

Ana meno ya utoto 28 yaliyochongoka kama miiba, na yataanza kung'oka akikaribia miezi minne. Akifika miezi sita au saba mengi yatakuwa yamebadilika. Mpaka siku hiyo, kitu cha kutafuna kiwe karibu na mkono wako muda wote; kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friza kinatuliza fizi. Meno yakigusa ngozi, sema "ah!", mchezo ukome, geuka, funga mikono. Hesabu hadi ishirini, rudi. Akirudia, ondoka chumbani nusu dakika. Watoto wasikimbie wakipiga mayowe. Kwake hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kama meno ya utoto yamebaki ubavuni mwa mapya, na mbegu ndogo zina tabia hiyo, mwonyeshe daktari wa mifugo.

Hayo ya zawadi sawa. Lakini akikosea nisimchape hata kidogo?

Usimchape hata kidogo. Tuanze na mwili wenyewe: mfupa wa mkono wa mbwa huyu ni mwembamba kuliko penseli, na baadhi ya Chihuahua wana utosi laini usiofunga. Kofi "dogo" la mtu wa kilo sabini si dogo. Tanzania pia tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama.

Ila sababu yangu kubwa ni kwamba kipigo hakisemi kitu. Kinasema "usifanye" bila kusema afanye nini, na kinachobaki kichwani ni mkono wako. Nina ushahidi wa kwangu. Wangu akiwa na miezi mitatu alitafuna waya wa chaja, nikampiga na gazeti lililokunjwa. Kwa wiki mbili nilipofungua gazeti kusoma, alikuwa anaingia chini ya kitanda. Waya aliendelea kuutafuna, ila sasa nikiwa jikoni.

Marekebisho ya upole yana mpangilio. Kwanza, ondoa kishawishi: waya upande juu, viatu viingie kabatini. Pili, mkatishe kwa sauti fupi, "ah-ah", ya kawaida kama unayomzuia mtoto asimwage uji. Tatu, mpe cha kufanya badala yake, kisha ukilipie: ameacha waya, kachukua mfupa wa mpira, "Safi!" Nne, akiendelea, apoteze alichokuwa anakitafuta. Anaruka ili atazamwe? Usimtazame. Anavuta kamba ili afike kwenye mti? Simama, mti usije. Nne hizo zikishindwa, mara nyingi ni kwamba amechoka au ana usingizi, kama mtoto yeyote.

Utasikia pia kwamba lazima umgeuze chali ajue bosi ni nani. Fikra hiyo imetoka kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi (wolf) waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliwaandika mwaka 1947. Mtafiti mwingine, David Mech, aliyeieneza katika kitabu chake cha 1970, baadaye aliwatazama mbwa mwitu porini na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Sasa wewe unayepambana na Pomeranian juu ya zulia, unagombea cheo gani?

Majirani zangu ni Waislamu, hawataki mbwa awaguse.

Wana haki, wala usilichukue kama chuki. Wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo pua ya mbwa kwenye nguo ya mtu anayekwenda kuswali si jambo la "hang'ati huyu".

Wangu alikuwa na miezi mitano. Ijumaa moja ya mvua tunapanda ngazi, mzee wa ghorofa ya pili anatoka kwake, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nimefika "Shikamoo mz—" na miguu miwili yenye tope ishapanda kwenye kanzu. Mzee hakusema neno. Aliitazama kanzu, akanitazama mimi, akafungua mlango akarudi ndani. Nilisimama pale ngazini na mbwa wangu anayetikisa mkia, natamani ukuta unimeze.

Jioni nilikwenda kuomba radhi, na kesho yake mafunzo yakaanza. Mpwa wangu alijifanya mpita njia. Alianzia mwisho wa korido, mbali kiasi kwamba mbwa alimwona lakini hakuchangamka. "Kaa." Safi, dagaa. Hatua mbili karibu zaidi. Akiinuka, mpwa anasimama. Akikaa, mpwa anasogea. Kamba ilikuwa fupi muda wote, asiweze kumfikia mtu hata akitaka, kwa sababu kila mruko unaofanikiwa ni mshahara. Ilichukua wiki tatu. Siku hizi nyayo zikisikika ngazini, anabandika makalio ukutani na kunitazama mfukoni. Mzee naye akitokea husema kutoka juu, "Kaa wewe!" kabla sijafungua mdomo. Anatoa amri yeye, nalipa mimi.

Anabweka kila kitu kinachopita.

Mimi nilimfundisha mwenyewe. Alibweka, nikampa biskuti anyamaze; akanyamaza, akaila, akabweka tena kuagiza nyingine. Malipo yafuate kimya. Akibweka, usipige kelele, maana kwake umejiunga. Subiri anapovuta pumzi, hata sekunde moja, "Safi!", lipa. Kesho subiri sekunde tatu. Kama anachungulia dirishani kutwa akimbwekea mlinzi, ziba kioo kwa chini kwanza.

Mkanda wa shingoni au wa kifuani?

Wa kifuani. Koromeo la mbegu ndogo ni laini, na kuvutwa shingo kunaweza kulidhuru. Shingoni abaki na kibati chenye namba ya simu.

Katikati ya mafunzo amelegea, anayumba kama mlevi.

Acha mafunzo. Watoto wa mbegu ndogo sana huishiwa sukari mwilini haraka wakikaa na njaa. Mpake asali kidogo kwenye fizi, mpashe joto, nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kuzuia ni kumlisha mara nne kwa siku akiwa mdogo. Usimfunze kwa kumshindisha njaa "ili apende zawadi", kama nilivyowahi kumsikia mtu akishauri. Wenye pua fupi, kama Pug na Pekingese, wafunzwe alfajiri au jioni. Joto letu la saa saba mchana si lao.

Ana miezi minane. Alikuwa anajua kila kitu, sasa hanisikii.

Amebalehe. Hajasahau, ila dunia imekuwa na ladha kuliko dagaa wako. Rudi nyuma hatua chache, lipa kama mwanzo, na usimwite mahali ambapo huna njia ya kumfikia. Kila "njoo" isiyoitikiwa inalichakaza neno.

Wangu alipofika umri huo nilimpeleka Coco Beach asubuhi, na kamba ya katani ya mita kumi kwenye mkanda wa kifuani. Akaona kaa. Kaa naye akamwona, akanyanyua makucha. Nikasema "kaa!" na kati yao wawili hakuna aliyekaa: mmoja akaingia shimoni, mwingine akaanza kuchimba. Sikuvuta kamba wala sikurudia neno. Nilichuchumaa mchangani nikangoja. Ilipita kama dakika mbili, mchanga unaruka mpaka machoni mwangu, ndipo akainua kichwa kuangalia kama bado nipo. "Safi!" nikasema, nikatoa dagaa watatu kwa mpigo.